Presi, moka, koni ya karatasi au sufuria: ipi inatoa kahawa nzuri nyumbani? (Arusha na Moshi)

BintiMachame

Habari za jioni wadau. Naomba uzoefu wa watu wanaopika kahawa nyumbani kila siku.

Kila Desemba nikipanda Machame kwa mama, narudi Arusha na kilo mbili za kahawa ya kihamba chetu (shamba la nyumbani). Mama anaikaanga mwenyewe kwenye chungu, anaiacha ipoe usiku kucha, asubuhi ananifungia. Nikifungua ule mfuko ndani ya basi abiria wanageuka kuangalia harufu inatoka wapi. Shida yangu ni kwamba harufu ile haifiki kwenye kikombe. Nasaga kwa blenda, natia kwenye sufuria na maji baridi, nachemsha vyote pamoja kama dakika kumi, nachuja kwa chujio la chai. Inatoka chungu ya kukwaruza koo, na chini ya kikombe kunabaki tope. Mume wangu amesharudia kahawa ya kopo. Inaniuma kwa kweli, maana mama ana miaka 67 na bado anachuma buni kwa mkono wake.

Nimetenga shilingi 150,000. Ninavyovifikiria ni presi (ile jagi yenye chujio la kusukuma chini), moka ya kuweka jikoni, au koni ya kuchujia kwa karatasi. Mashine ya umeme nilishawahi kuwa nayo, sahani yake ya chini ilikuwa inaunguza kahawa ndani ya nusu saa, na umeme ukikatika asubuhi hakuna kahawa. Sirudi huko.

Tunakunywa wawili asubuhi, kavu bila maziwa. Jumapili mama mkwe na mawifi wanakuja, tunafika saba. Jiko ni la gesi. Nipo Sakina. Mngekuwa ninyi mngechukua kipi?

MchomaBuni

Dada, mimi ningeanza na hiyo blenda. Nimesimama nyuma ya kaunta ya mgahawa hapa mjini miaka tisa, na watu wengi wanaolalamikia chombo chao, ukiwauliza, shida iko kwenye kusaga.

Blenda haisagi, inakatakata. Punje iliyokutana na kisu mara nyingi inakuwa poda, iliyokimbilia pembeni inabaki kipande. Ukimwaga maji ya moto, ile poda inatoa kila ilichonacho upesi mpaka uchungu wa mwisho kabisa. Kile kipande nacho maji hayajakiingia vizuri, kinatoa uchachu tu. Unakunywa uchungu na uchachu ndani ya kikombe kimoja, na utamu uliokuwa katikati huuoni. Fanya jaribio hili leo: mwaga kijiko kimoja cha kahawa uliyosaga kwenye karatasi nyeupe, itandaze kwa kidole. Utaona vumbi na changarawe pamoja.

Kisagio cha mkono chenye meno kinapitisha punje katikati ya meno mawili, zinatoka kwa ukubwa unaolingana, na unakaza au kulegeza skrubu kulingana na chombo unachopikia. Kwa hiyo hiyo 150,000 ningeigawa, zaidi ya nusu iende kwenye kisagio. Chombo cha bei chee pamoja na kisagio kizuri utafurahi. Kinyume chake utarudi hapa kulalamika.

Halafu saga ile ya kunywa muda huohuo. Punje nzima inatunza harufu kwa wiki kadhaa, ikishasagwa unahesabu dakika.

Kipimo: gramu 60 za kahawa kwa lita moja ya maji. Kwa nusu lita yenu ya asubuhi ni gramu 30. Tafuta mizani ndogo ya jikoni. Kijiko cha chakula kinabeba gramu 5 au 6 hivi, ila kinabadilika kulingana na usagaji na ukaangaji, ndiyo maana leo inatoka nzuri, kesho maji matupu.

Na kuhusu joto. Ukisoma mtandaoni utaambiwa chemsha maji kisha ngoja yapoe kidogo. Ushauri huo ni wa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, kwao maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Arusha tuko mita 1,400 hivi, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95. Moshi mjini ni kama 97. Kahawa inataka maji ya kati ya nyuzi 90 na 96. Kwetu Arusha birika likichemka unamimina, hakuna cha kungoja. Ukingoja unapoteza.

MamaTengeru

Mimi presi, mwaka wa saba sasa. Na kwa wageni saba wa Jumapili sioni kingine cha kukutosha kwa bei hiyo.

Nieleze ninavyofanya, maana wengi wanaisukuma mapema halafu wanasema presi ina tope. Nasaga nene, kama chumvi ile ya mawe. Nasuuza jagi kwa maji ya moto lipate joto. Natia kahawa, namimina maji yote kwa mara moja, naangalia saa. Kahawa inapanda juu na kufanya kama ukoko mnene. Dakika ya nne nachukua kijiko, nauvunja ule ukoko taratibu, hapo ndipo harufu inapojaa jikoni. Sehemu kubwa inazama yenyewe. Povu la rangi ya mchanga linalobaki juu nalikomba kwa vijiko viwili, natupa. Kisha nangoja tena dakika nne au tano. Siigusi. Mwisho nashusha chujio mpaka juu ya kahawa tu, silikandamizi chini, namimina polepole na kuacha kidole kimoja cha mwisho kwenye jagi. Tope lote limebaki huko.

Msiogope kwamba itapoa. Inapungua joto na kufika pale ambapo ulimi unaweza kuionja.

Ushauri mmoja wa kununua: chukua ya chuma. Za kioo nimevunja mbili, ya pili ilipasuka mkononi nikiiosha, na kioo chake peke yake huku kwetu hukipati dukani. Mashapo mimi napeleka kwenye migomba.

KijanaSoweto

Moshi hapa, mtaa wa Soweto. Mimi ni mtu wa moka.

Yangu niliikuta soko la Memorial kwenye mitumba, imefungwa ndani ya sufuria la mtu na masizi juu. Nikaisugua, nikabadilisha mpira, inafanya kazi hadi leo. Kifaa hiki kilitoka Italia mwaka 1933 kwa Alfonso Bialetti na umbo lake halijabadilika sana: chini maji, katikati kahawa, juu inapokelewa iliyoiva. Maji yakipata moto mvuke unayasukuma yapande kupitia kahawa. Inatoka nzito, fupi, yenye nguvu. Si espreso kamili, shinikizo lake ni dogo, ila kwa mtu aliyezoea kahawa chungu ya kijiweni hii itamshika.

Makosa yanayofanya ionekane mbaya:

Maji baridi chini. Yakichukua muda mrefu kupata moto, chuma kinaichoma kahawa ikiwa kavu. Mimi natia maji yaliyokwisha kuchemka, nashika kwa kitambaa ninapofunga. Maji yaishie chini ya vali, usiizibe kamwe, ile ndiyo usalama wako.

Kushindilia. Kahawa ijae kwenye kikombe chake cha ndani, uisawazishe kwa kidole, basi.

Moto mkubwa. Weka mdogo kabisa. Ikianza kutoka kama asali rangi ya hudhurungi, kaa hapohapo. Ikibadilika kuwa njano na kuanza kukoroma, epua, ibandike kitako kwenye kitambaa kilicholowa maji ili isimame. Kile kinachotoka wakati wa kukoroma ni uchungu mtupu.

Kwenye jiko la mkaa ni vigumu, moto haukusikii. Kwenye gesi angalia vyuma vya jiko, moka ndogo inaweza kudondoka katikati, tafuta kiwavu cha kuwekea.

BintiMachame

Asanteni sana. Nimefanya lile jaribio la karatasi nyeupe. Ni kama ulivyosema MchomaBuni, vumbi na changarawe. Sikujua.

KijanaSoweto, moka kwa watu saba inakuwaje?

KijanaSoweto

Hapo sikudanganyi dada. Moka ina saizi yake, ya vikombe vitatu ni vitatu, na vyenyewe ni vile vidogo. Huwezi kupika nusu wala kuzidisha. Kwa saba utapika mara mbili tatu huku wa kwanza wameshamaliza. Kwa wewe na shemeji asubuhi, sawa kabisa.

DadaSekei

Niseme jambo ambalo halijaguswa. Presi, moka na sufuria vyote vinaacha mafuta ya kahawa yapite hadi kwenye kikombe. Ndani ya mafuta hayo kuna kitu kinaitwa kafestoli, nacho kinapandisha lehemu (kolesteroli) mwilini kwa mtu anayekunywa vikombe vingi kila siku. Inayochemshwa na presi ndizo zina nyingi zaidi. Karatasi inayazuia karibu yote. Mume wangu alipopimwa lehemu ikaonekana iko juu, daktari alimuuliza anakunywa kahawa ya namna gani, na mimi siku zote nilikuwa nadhani kahawa ni kahawa. Tukahamia kwenye karatasi.

Lakini leo hata kama ningeambiwa haina faida yoyote ya afya nisingeiacha, kwa sababu ya ladha. Aliyeanzisha hii ni mama wa nyumbani kule Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz, mwaka 1908, aliyekuwa amechoshwa na mashapo kama wewe. Alitoboa kikopo, akaweka karatasi ya kukaushia wino kutoka kwenye daftari la mwanawe.

Mimi natumia koni ya plastiki, aina ya V60, ndogo. Ya plastiki ni rahisi kuliko ya kauri na inatunza joto. Weka karatasi, imwagie maji ya moto ili harufu ya karatasi iondoke, maji hayo yamwage. Tia gramu 15 za kahawa iliyosagwa wastani, kama mchanga wa mtoni. Mwaga maji kidogo tu, gramu 40 hivi, ungoje nusu dakika. Kama kahawa imekaangwa karibuni utaiona inaumuka kama andazi na kutoa mapovu, ni hewa ya ukaa inatoka. Ikitulia, endelea kumwaga kwa mzunguko, taratibu, hadi gramu 250. Yote iwe imeshuka kwenye dakika ya tatu. Ikichelewa sana umesaga laini mno, ikiwahi umesaga nene.

Kahawa ya Kilimanjaro ina uchachu mzuri ule wa limau na tunda, na kwenye karatasi unausikia wazi. Kwenye sufuria nilikuwa siujui kabisa, na nimezaliwa Marangu.

Udhaifu: karatasi zenyewe hupati kila duka. Nikienda Nairobi au Dar narudi na pakiti nne.

MamaTengeru

Hiyo ya karatasi ndiyo inayonirudisha nyuma. Ukiishiwa Jumanne unafanyaje?

DadaSekei

Kitambaa, dada. Kipande cha marekani nyeupe, pamba tupu, nimekishona umbo la koni. Unakichemsha mara ya kwanza bila sabuni mpaka maji yatoke safi. Ukishatumia suuza kwa maji tu, kisha kiweke kwenye bakuli la maji ndani ya friji, kisikauke na mafuta yakaoza. Kila baada ya miezi miwili mitatu nashona kingine. Ladha inakaribiana sana na karatasi, inakuwa nzito kidogo.

Mpwani_Majengo

Jamani msiionee sufuria. Mimi ni mtu wa Tanga, nipo Majengo hapa Moshi mwaka wa kumi na moja, na kahawa yetu tangu babu na babu inachemshwa. Kosa la huyu dada ni dakika kumi. Kahawa haipikwi kama maharage.

Maji yachemke kwanza peke yake, kwenye mdila au sufuria ndogo yenye mdomo. Kahawa iwe imetwangwa laini, ukiishika kati ya vidole iteleze. Epua, tia kahawa, koroga mara moja. Rudisha juu ya moto mdogo, ikianza kupanda na kutaka kumwagika, epua. Itulie, rudisha, epua. Mara tatu. Halafu nyunyizia maji baridi, kiasi cha kijiko kimoja, funika, tulia dakika tano. Mashapo yanashuka yote chini. Unamimina juu juu, hukorogi tena, huchuji. Tangawizi ukipenda unaiponda na kuichemsha na maji tangu mwanzo, sio pamoja na kahawa. Vikombe vidogo, kashata pembeni, na watu wa kuzungumza nao.

Saba watatoshwa, na hujatoa hata shilingi.

MchomaBuni

Mpwani, umeieleza vizuri kuliko wengi. Jambo moja tu la kuongeza: kwa namna hiyo kusaga laini ni sawa, kwa sababu muda wa kukaa na moto ni mfupi. Kwa kisagio cha mkono dada ataweza kukaza hadi karibu kabisa na laini hiyo. Kwa hiyo wakati akingoja kununua chombo, aanze hivyo kesho asubuhi.

MkaziNgaramtoni

Hakuna aliyezungumzia maji, na kikombe cha kahawa karibu chote ni maji.

Maji ya Arusha sehemu nyingi yana floraidi kwa wingi kwa sababu ya miamba ya volkano ya Mlima Meru. Wengi tuliokulia huku meno yetu yanaonyesha. Kuchemsha hakuiondoi. Yakichemka na kupungua, floraidi iliyokuwemo inabaki ileile ndani ya maji machache zaidi. Karatasi ya kahawa nayo haiishiki. Vinavyoiondoa ni vichujio maalumu, vikiwemo vya mkaa wa mifupa. Kama nyumbani una watoto, fuatilia hilo hata kabla ya kahawa.

Kwa upande wa ladha, maji yenye chumvichumvi yanaifanya kahawa iwe bapa, haina makali wala utamu. Mimi nilijaribu siku moja: kahawa ileile, kipimo kilekile, kikombe kimoja kwa maji ya kisima chetu, kingine kwa maji ya chupa. Mke wangu alidhani nimebadilisha kahawa. Ndugu zetu wa Moshi wana maji ya chemchemi za mlima, wanaanza mbele yetu.

PoriniTena

Nawasalimu nikiwa Marangu. Mimi ni mwongoza watalii mlimani, chombo changu ni AeroPress. Bomba la plastiki, unatia kahawa na maji, unasukuma kwa mkono kama bomba la sindano. Ilitoka Marekani mwaka 2005. Haivunjiki, inaoshwa kwa sekunde kumi kwa maji ya kikombe kimoja, na mlimani maji yanabebwa.

Kule kambi ya Horombo, mita 3,720, maji yanachemka kwenye nyuzi 88 tu. Ukitumia kipimo cha nyumbani kahawa inatoka nyepesi na chachu. Nasaga laini zaidi na kuiacha dakika tatu badala ya mbili, inakubali. Watalii wanaofika pale wamekunywa kahawa ya unga wa kuyeyusha siku mbili, ukimpa kikombe cha kahawa ya mlima huohuo anaoupanda, anauliza shamba liko wapi.

Ila dada, ni kikombe kimoja kimoja. Kwa wageni saba hapana.

MzeeKibosho

Wanangu, nimewasoma wote kwa furaha. Vyombo mnavijua kuliko mimi. Niongeze ya kihambani na ya kikaangoni.

Binti, umesema mama anakupa kilo mbili Desemba, na mnatumia gramu 30 kwa siku bila kuhesabu Jumapili. Hiyo inawafikisha mwisho wa Februari. Kahawa iliyokaangwa inakuwa katika ubora wake kuanzia siku ya tatu hivi, ikishatoa hewa, hadi wiki ya nne. Baada ya hapo inachosha, mafuta yake yanaanza kuharibika. Kwa hiyo nusu ya kahawa ya mama yako mnaikunywa imeshakufa, na hakuna chombo cha kuifufua. Kahawa mbichi iliyokobolewa, ikiwa kavu na mahali pasipo unyevu, inakaa miezi mingi. Mwombe akupe mbichi, ukaange mwenyewe robo kilo kila wiki.

Kukaanga si kazi kubwa. Kikaango kizito, moto wa wastani, mwiko usisimame hata nukta moja. Punje za kijani zinageuka njano, zinanuka kama nyasi kavu, baadaye kama mkate. Zikishakuwa rangi ya mdalasini utasikia mlio, pa, pa, kama bisi. Huo ni mlio wa kwanza. Unapungua, panakuwa kimya kidogo, kisha unaanza mlio wa pili, mwembamba, kama unavyokanyaga majani makavu ya mgomba. Hapo mafuta yanajitokeza juu ya punje na moshi unakuwa mzito. Mimi sifiki huko. Katika ule ukimya wa katikati namwaga kwenye ungo, napepeta nje kwenye upepo mpaka zipoe na yale maganda membamba yapeperuke.

Mama zetu wengi wanapita mlio wa pili na kuendelea, na siwalaumu. Baba yangu alikuwa mwanachama tangu miaka ya mwanzo ya KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioandikishwa mwaka 1933. Kila punje nzuri ilikwenda chama cha msingi na kutoka hapo mnadani Moshi. Karo yangu ya shule ilitoka humo. Kilichobaki nyumbani ni zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, na zile zinazoelea wakati wa kuosha. Kahawa ya namna hiyo usipoikaanga mpaka iwe nyeusi hainyweki. Tumerithi ukaangaji wa makapi, tukauhamishia kwenye punje nzuri.

Wamisionari wa Kilema walipanda mibuni hii mwishoni mwa karne ya 19, na sisi tumeipalilia, tumeipigia dawa ya ugonjwa wa chulebuni, tumeing'oa mingine na kupanda chotara za kituo cha utafiti cha Lyamungu. Zaidi ya miaka mia moja. Nawaomba kila mwenye kihamba abakize debe moja la zile nyekundu zilizoiva vizuri, si za kuelea, kwa ajili ya watoto wake.

DadaSekei

Shikamoo mzee. Nimeisoma mara mbili. Mimi nilikuwa najua kahawa ya nyumbani ni nyeusi hivyo kwa asili yake.

Mpwani_Majengo

Shikamoo mzee wangu. Kwa kahawa ya kuchemsha mimi bado nataka ile nyeusi, inashika tangawizi. Lakini hilo la kuelea sikulijua.

BintiMachame

Shikamoo mzee, na wote habari za siku nyingi. Zimepita wiki tatu, nimerudi na majibu.

Nilinunua kwanza kisagio cha mkono, kilikula 85,000. Kisha nikaazima: presi kwa jirani, moka kwa mwenzangu wa kazini, koni ya plastiki kwa dada mmoja wa kwaya. Jumamosi nikafanya vyote pamoja na sufuria ya Mpwani, kahawa ileile ya mama, maji ya chupa, kipimo cha gramu 60 kwa lita isipokuwa moka.

Kahawa ilikuwa ya wiki ya sita na imekaangwa sana, kwa hiyo nahukumu kwa hiyo. Moka ilitoka kali mno, mume wangu aliongeza maji ya moto ndipo akaimaliza. Sufuria ya Mpwani ilinishangaza, hakuna tope, hakuna kukwaruza, nilikaribia kuishia hapo. Presi ilikuwa nzito, laini, ikanuka kama ule mfuko wa kwenye basi, kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba yangu. Koni ilitoka nyepesi, ikaonyesha moshi wa ukaangaji kuliko vyote, haikuwa na mahali pa kujificha.

Halafu Kaka PoriniTena alinisaidia kupata robo kilo mbichi kutoka Marangu, nikaikaanga kama mzee alivyosema, nikaiacha siku nne. Hapo mambo yaligeuka. Kwenye koni iliumuka kama andazi kweli, na nilipoonja nilisikia limau, baadaye utamu kama wa zambarau iliyoiva. Nilimpa mume wangu bila kumwambia kitu. Akaniuliza nimetia nini. Lile kopo liko kabatini tangu siku hiyo.

Nimenunua presi ya chuma ya lita moja, kwa Jumapili napika mara mbili na inatosha. Mama mkwe anaipenda hiyo, anasema ina mwili. Kitambaa cha marekani nimeshona viwili kwa ajili ya koni, ambayo mwenyewe ameniachia kwa bei ndogo. Moka nimeirudisha kwa mwenyewe.

Jana nimempigia mama. Nilidhani kumwomba mbichi kutamuumiza, na ni kweli alinyamaza kwanza. Akasema, "Sasa mimi nitakuwa nakufanyia nini?" Tumekubaliana kilo moja mbichi ya kuja nayo huku, na nyingine aikaange yeye siku ninayoondoka, ila aishie kwenye ule ukimya. Amekubali kujaribu. Mzee, ana swali: yeye anatumia chungu cha udongo, kinabaki na moto hata kikiepuliwa. Aepue mapema kiasi gani?

MzeeKibosho

Marahaba binti. Amefikiri vizuri. Chungu cha udongo kinaendelea kukaanga kikiwa chini, asitegemee kukiepua. Mlio wa kwanza ukianza kupungua, ukisikika mmoja mmoja tu, amwage zote kwenye ungo palepale, asiache hata punje moja ndani. Ungo uwe tayari mlangoni, penye upepo. Za mara ya kwanza zinaweza kumtoka zenye uchachu kidogo, mara ya pili asubiri pumzi tatu zaidi. Msalimie sana.